Dodoso linasema wavuvi wa dagaa wana dhiki kubwa ya akili. Nahofia limepima giza na uchovu

#1 BintiMwaloni

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, jambo lenyewe limenikosesha raha wiki nzima.

Mama yangu anauza dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, Ziwa Victoria, tangu sijaanza shule. Ada yangu yote imetoka kwenye ndoo za dagaa. Kwa hiyo nilipofika mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii, sikuzunguka kutafuta mada. Nataka kujua hali ya akili ya wavuvi wa dagaa na akina mama wanaoanika, kuanzia Igombe na Kayenze hadi Kirumba. Nimewaona watu hawa wakinyamaza na mambo mazito miaka yote.

Kipimo nilichochagua ni K10, dodoso la kupima dhiki ya akili. Kilitengenezwa Marekani na Ronald Kessler na wenzake, kikachapishwa 2002, na hakilipiwi. Kina maswali kumi. Kila swali linauliza: ndani ya siku 30 zilizopita, ulijisikia hivi mara ngapi, kuanzia "hata mara moja" mpaka "muda wote". Kila jibu lina alama 1 hadi 5, hivyo jumla ya chini kabisa ni 10 na ya juu ni 50. Tulitafsiri kwa Kiswahili, mtu mwingine ambaye hajaona ya awali akairudisha kwenye Kiingereza, tukalinganisha. Nikafanya jaribio dogo, nikaingiza kwenye kompyuta, alfa, yaani tarakimu ya jinsi maswali yanavyokubaliana, ikatoka nzuri. Msimamizi wangu akaniambia dodoso limepita, nenda uwandani.

Kilichonizuia ni kwamba baada ya kila mahojiano nilikuwa nabaki na mtu dakika chache namuuliza, "Hili swali umelielewaje?" Majibu ninayo kwenye daftari.

Swali la kwanza linauliza uchovu usio na sababu ya msingi. Mama mmoja Kayenze alikuwa ametoka kugeuza dagaa kwenye vichanja tangu alfajiri. Akaniambia, "Kuchoka nachoka kila siku. Ila sababu si hii hapa unaiona?" Mimi niliandika 1, kwa kuwa sababu anayo. Mwenzangu tunayekusanya naye data, kwa jibu la aina hiyohiyo, alikuwa anaandika 5, kwa kuwa uchovu ni wa kila siku. Tofauti ya alama nne, na hakuna aliyedanganya.

Swali la wasiwasi. Kijana wa Igombe akajibu muda wote. Nikamuuliza wasiwasi gani. "Injini. Usiku ziwani watu wananyang'anywa injini na nyavu." Huyo ana hofu ya kitu halisi, naye anapata alama sawasawa na mtu ambaye moyo unamwenda mbio akiwa ameketi kwake sebuleni.

Swali la huzuni. Wengi walijibu haraka, "Hapana, hatujafiwa." Kwao huzuni ni ya msiba.

Halafu kuna neno ambalo karibu kila mtu alilitaja mwenyewe bila kuulizwa, na kwenye dodoso langu halimo: mawazo. "Nina mawazo." "Mawazo yamenijaa." "Yule alikonda kwa mawazo."

Sasa naomba msaada. Niendelee kwa kuwa alfa imekubali, au nirudi nyuma? Muda wangu ni mfupi na nauli naitoa mfukoni.

#2 Kabwela_wa_Buhongwa

Naweka kambi hapa. Na mimi naanza kukusanya data karibuni, kada tofauti lakini kidonda ni kilekile.

#3 Takwimu_Nyamagana

Dada, rudi nyuma. Nitaeleza kwa nini, maana kosa la "alfa imepita" nalikuta karibu kila ripoti ninayopewa kuisoma.

Alfa ya Cronbach, ya tangu 1951, inaangalia kama maswali yanavutana kuelekea upande mmoja. Haisemi upande huo ni upi. Maswali kumi yakimpima mtu aliyekesha, yatavutana vizuri sana, nawe utapata alfa nzuri ya kipimo cha kukesha. Huo ni uthabiti wa ndani. Uhalali ni swali jingine: je, kinachopimwa ndicho ulichosema unapima? Mwaloni mnayo mizani. Mizani iliyochakachuliwa ikizidisha nusu kilo kila mara ni thabiti kabisa, na kila mara inamwibia mama yako.

Tena K10 ina mtego wake ambao wengi hawauoni. Kwenye usaili wa ana kwa ana, aliyejibu "hata mara moja" kwenye swali la 2, la wasiwasi, haulizwi la 3, la wasiwasi usiotulizika, anaandikiwa 1 moja kwa moja. La 5 na la 6, ya kutotulia, hivyohivyo. Maana yake jozi mbili zitavutana hata kama mhojiwa hakuelewa kitu. Alfa yako imepata msaada ambao haikuutolea jasho.

Mambo uliyoandika kwenye daftari ndiyo hatua ya kwanza ya uhalali, na wewe umeshaifanya bila kuipa jina. Watu wanairuka kwa sababu haitoi tarakimu. Baada ya hapo unahitaji kulinganisha na kitu kilicho imara zaidi: daktari wa afya ya akili, au mtu aliyefunzwa, afanye usaili wenye utaratibu maalumu kama MINI, bila kujua mhojiwa alipata alama ngapi kwenye K10. Na asipelekewe wenye alama za juu peke yao. Achukue na wenye alama za chini, maana huko ndiko waliko wale ambao dodoso limewapita bila kuwaona.

#4 Karabai_Kuukuu

Mwangaluka nyote. Mimi si msomi. Nimevua dagaa tangu enzi za taa za mafuta mpaka zikaja za sola, sasa niko nchi kavu kwa sababu ya mgongo. Nimesoma uzi huu kwa makini kwa sababu unatuhusu.

Mwanangu, kabla ya hayo ya alfa, niambie: uliwauliza "siku 30" au "mwezi uliopita"?

#5 BintiMwaloni

Shikamoo mzee wangu. Kwenye karatasi imeandikwa "katika mwezi uliopita". Tuliona ni rahisi kusema kuliko siku 30.

#6 Karabai_Kuukuu

Marahaba. Hapo ndipo mlipopotezana.

Mvuvi wa dagaa hesabu yake si tarehe. Ni giza na mwezi. Giza likiingia tunatoka jioni na taa, dagaa wanafuata mwanga, tunarudi asubuhi. Unalala mchana, juani, kelele za kambi, nzi. Mwezi ukikua taa haivuti kitu, maana ziwa lote lina mwanga. Basi watu wanapumzika, wanashona nyavu, wengine wanakwenda kuona familia. Ukimwambia mvuvi "mwezi uliopita" anaweza kudhani unauliza zile siku za mbalamwezi. Atakujibu "sikuchoka, nililala vizuri", na kweli alilala.

Na jambo la pili. Usidhani siku za mwezi ni raha tupu. Kwenye giza mwili unachoka lakini hela inaingia, na kichwa hakina nafasi ya kuwaza. Siku za mwezi mwili umepumzika, hela hakuna, deni kwa tajiri mwenye chombo liko palepale, mke anapiga simu watoto wanadaiwa michango shule. Mawazo yanaingia hapo. Mimi miaka yangu mibaya yote, ubaya ulinikuta nimekaa, si nikiwa kazini.

#7 BintiMwaloni

Mzee wangu, nimesoma hii nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo.

Nilipanga kurudi kwa watu walewale baada ya siku 14 niwaulize tena, kuona kama alama zinabaki palepale. Wiki mbili ndizo zinazopendekezwa mara nyingi, ili mtu asiwe amekumbuka majibu yake na hali yake isiwe imebadilika. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Kwa hiyo siku 14 kwa mvuvi wa dagaa ni kutoka katikati ya giza mpaka katikati ya mbalamwezi. Ningekuwa nimewapima kazini, nikarudi kuwapima mapumzikoni, kisha nikaandika kwamba dodoso haliko thabiti. Au vibaya zaidi: alama za uchovu zishuke, za kukata tamaa zipande, jumla ibaki 24 na 24, nami niandike kwamba hakuna kilichobadilika. Kumbe ndani yake kila kitu kimegeuka.

Na kuna PHQ-9, dodoso la sonona la maswali tisa, niliyotaka kuiweka pembeni ya K10 kwa kulinganisha. Yenyewe inauliza wiki mbili tu zilizopita. Ukimwuliza mtu mwishoni mwa giza, wiki zake mbili zote ni za giza. K10 angalau, kwa siku zake 30, inabeba giza na mwezi kwa pamoja, ingawa kumbukumbu ya mtu huelemea siku za karibuni.

#8 Takwimu_Nyamagana

Mzee Karabai, asante sana. Hili sijalikuta kwenye kitabu chochote cha takwimu.

Dada, suluhisho lipo. Andika kwenye kila dodoso mahojiano yalifanyika siku ya ngapi tangu mwezi mwandamo. Kurudia kipimo, ama urudi ndani ya giza lilelile baada ya siku chache, ama usubiri mzunguko mzima, siku 29 au 30. Halafu kwenye uchambuzi angalia kama maswali ya mwili na maswali ya moyo yanakaa fungu moja au mawili. Kuna sehemu K10 imetoka fungu moja, kuna sehemu mawili. Hapa kwenu sitashangaa yakiwa mawili, na kama ni mawili basi jumla moja inaficha.

#9 Mwl_Sengerema

Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi, niruhusuni niseme la lugha.

Binti, swali la 5 mlitafsirije? Lile la kutotulia.

#10 BintiMwaloni

"Ulijisikia hujatulia." Mwalimu, kuna mama alikunja uso akasema, "Mimi nimetulia na mume wangu." Akakataa kuendelea mpaka nikamwomba radhi.

#11 Mwl_Sengerema

Ana haki. Mtu "ambaye hajatulia" kwa Kiswahili cha leo ni mhuni, anayetangatanga na wapenzi. Umemwuliza mke wa mtu, mbele ya watu, ni mara ngapi alikuwa mhuni. Afadhali "ulishindwa kukaa sehemu moja kwa sababu ya mahangaiko ya moyo". Ni ndefu, lakini haitukani.

"Huna thamani" nayo uitazame. Thamani watu wanaisikia kwenye bei. "Ulijiona si kitu" nadhani inaingia moja kwa moja.

Na muwe waangalifu na maswali ya kukanusha, hasa vile vipimo vya ndiyo na hapana kama SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani. Uliza "Hupati usingizi?" Mmoja atajibu "Ndiyo, sipati." Mwingine "Hapana, sipati." Wote wawili hawalali, na karatasi inawagawa. Kiswahili kinaruhusu yote mawili, si kosa la mhojiwa. GHQ-12, dodoso la afya ya akili la maswali 12, ndiyo ina taabu zaidi, maana maswali sita yanauliza kwa upande wa uzima na sita kwa upande wa maradhi. Mtafsiri asiyesikia lugha kwa sikio atavuruga kila kitu na kompyuta haitamwambia.

Jingine: wazee wengi wa kambini lugha yao ya moyoni ni Kisukuma, na ukivuka kwenda Ukerewe kuna Kikerewe na Kijita. Msiwaachie wakusanya data watafsiri papo kwa papo. Kila mmoja atakuwa amebeba dodoso lake kichwani.

#12 Mchambuzi_Huru

Mimi napingana nanyi kidogo. K10 ni kipimo cha kimataifa. Ukianza kubadilisha maneno, kuongeza "mawazo", kuondoa uchovu, hicho si K10 tena. Utalinganishaje Igombe na kwingine? Kila ziwa litataka dodoso lake.

#13 Takwimu_Nyamagana

Mkuu, hoja yako ina uzito na siipuuzi. Lakini unacholinganisha ni maana, si karatasi. Kama Igombe swali linapima ulinzi wa injini na kwingine linapima hofu ya ndani, umelinganisha nini?

Hata hiyo ya kimataifa haina mstari mmoja wa kukatia. Australia peke yake kuna mgawanyo unaosema 10 hadi 19 ni mzima na 30 kwenda juu ni hali nzito, na kuna wa idara yao ya takwimu wenye 10 hadi 15, 16 hadi 21, 22 hadi 29, kisha 30 hadi 50. Mtu mwenye alama 18 kwa mgawanyo mmoja ni mzima, kwa mwingine tayari ana dhiki ya wastani. Nchi moja, dodoso moja.

Na mstari huo una madhara. Chukua watu 100, tuseme 20 wana tatizo kweli. Dodoso linanasa asilimia 80 ya wenye tatizo na linawaacha kwa usahihi asilimia 80 ya wasio nalo. Litanasa 16 wa kweli, na litanasa 16 wengine ambao hawana kitu. Nusu ya uliowaambia wana tatizo, hawana. Lipeleke mahali ambapo wenye tatizo ni 5 kati ya 100: litanasa 4 wa kweli pamoja na 19 wasio na kitu. Dodoso ni lilelile. Ni kama wavu: tundu moja halifai kwa dagaa na kwa sangara.

Kuhusu "mawazo", si jambo jipya. Zimbabwe wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na Vikram Patel na wenzake walitengeneza dodoso la Kishona la maswali 14 kuanzia kwenye maneno ya watu wenyewe, likatoka 1997. Hapa kwetu Sylvia Kaaya na wenzake walipima uhalali wa HSCL-25, dodoso la dalili za wasiwasi na sonona, kwa wajawazito wenye VVU Dar es Salaam, ikachapishwa 2002. Kazi nzuri sana, lakini ni ya wajawazito wa Dar. Haimpi mtu ruhusa ya kuamini kwamba imemaliza habari ya mwanamume wa Igombe anayelala mchana.

Ushauri wangu: yale kumi yabaki, yasahihishwe lugha. Swali la mawazo liwe la 11, lisihesabiwe kwenye jumla. Kisha tazama kama linawatambua watu ambao kumi hayakuwatambua.

#14 Mchambuzi_Huru

La 11 nje ya jumla, hapo nimekubali.

#15 MuuguziVisiwani

Samahani nachelewa, mtandao huku ni wa kubahatisha. Nafanya kazi zahanati visiwani Ukerewe.

Mnazungumza vizuri kuhusu maswali. Nami nataka kuuliza: mnauliza mbele ya nani? Kambini hakuna chumba. Mhojiwa amekaa juu ya ndoo, tajiri wake yuko hatua tano, wenzake wanasikiliza. Hapo kijana gani atasema amekata tamaa? Atasema "niko poa" kumi kwa kumi. Alama ya 10 kamili huku kwetu mimi huwa naishuku kuliko ya 30.

Huku hofu ya maji ina historia. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakafa. Kuna mama hapa mpaka leo hapandi kivuko ila kwa lazima. Ukimwuliza swali la wasiwasi, atafikiria siku hiyo. Usiandike alama ukaondoka. Kaa naye.

Na wewe unayetaka kutumia PHQ-9: swali la 9 linauliza mawazo ya kutamani kufa au kujidhuru. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Swali linauliza mawazo, si jaribio, lakini watu hawatofautishi, na wanaogopa karatasi yako itafika polisi. Wengine wanaogopa kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Lazima ueleze kabla, kwa lugha ya kawaida, majibu yanakwenda wapi. Na uwe umeshajua utampeleka wapi anayejibu ndiyo. Hospitali ya Bugando, Mwanza mjini, wana idara ya afya ya akili, lakini kutoka kisiwani ni safari na nauli. Panga hiyo nauli kwenye bajeti kabla ya kupanga kalamu.

#16 BintiMwaloni

Nimesoma yote mara mbili. Jana nilikaa na msimamizi nikamsomea maneno ya mzee Karabai kama yalivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba nimwachie nakala ya daftari.

Tumekubaliana hivi. "Mwezi uliopita" inaondoka, inakuja "tangu giza lililopita lilipoanza mpaka leo" kwa wavuvi, na nitahakikisha zinafika kama siku 30. Kwa akina mama wa Kirumba tutataja sikukuu au gulio wanalokumbuka. Uchovu: tunaongeza "zaidi ya uchovu wa kazi yako ya kawaida", na mimi na mwenzangu tutasikiliza mahojiano yaleyale, kila mtu aandike alama zake kivyake, tuone tunatofautiana wapi kabla hatujaingia kambini. Badala ya "mara chache" na "mara nyingi" kwa mdomo tu, nitabeba vikombe vitano vya maharage, kimoja kitupu na kimoja kimejaa, mtu aonyeshe kwa kidole. Hiyo inasaidia pia kama tajiri anasikiliza, maana kidole hakisemi.

PHQ-9 nimeiweka kando kwanza, mpaka njia ya rufaa iwe imekamilika. Da Muuguzi, hilo la nauli limeniuma, maana sikuwa nimeliwaza kabisa.

Uwandani nitachelewa. Nimekubali kuchelewa.

#17 Karabai_Kuukuu

Umefanya vizuri, mwanangu. Usije Igombe asubuhi ya giza, utawakuta wamelala na watakujibu lolote uondoke. Njoo saa tisa alasiri wakishaamka. Tutakaa kwenye miamba ya upande wa pili, mbali na vyombo.

Giza hili linaisha wiki ijayo, njoo hapo. Kuna vijana wawili nadhani ndio unaowatafuta. Mmoja ana maneno mengi, atakufaa kwa daftari. Mwingine mwenzake alizama msimu uliopita, tangu hapo anakula kidogo, anakwenda ziwani lakini hazungumzi na mtu, na juzi alimgawia mdogo wake vitu vyake.

#18 MuuguziVisiwani

Mzee, huyo wa pili asingoje dodoso wala giza kuisha. Mtu anayegawa vitu vyake anatakiwa aonwe leo. Asiachwe peke yake usiku, na asitoke na mtumbwi. Nakutumia ujumbe binafsi sasa hivi, nina mwenzangu Ilemela.

#19 BintiMwaloni

Nimeuona, Da Muuguzi. Mzee wangu, niko stendi, nakuja leo. Karatasi nimeziacha nyumbani.